Mguu wa Bi Rehema na Mtihani wa Bima

Matrah, Maskati
Mfunguo Mosi, baada ya Idi, 1970

Mama yangu mpenzi, Bi Zuwena,

Salamu ziwatangulie kabla ya maneno yoyote, wewe na Moza na wote waliomo nyumbani Mkunazini, na Idi yenu Mungu aitie kheri ingawa imeshapita. Zawadi yako nimeipata kwa mkono wa yule jamaa aliyepitia Mombasa: kofia, karafuu kidogo, na kashata zilizovunjika njiani zikawa unga. Nimezila kwa kijiko, wala sikumgawia mtu.

Hapa, kwa desturi, ningeandika kwamba mimi ni mzima wa afya na khofu yangu ni juu yenu. Maneno hayo nimeyaandika katika kila barua tangu niondoke, hata mkono unayajua kuliko kichwa. Safari hii nimeshindwa. Si kwamba naumwa, la. Nakula, nalala, joto la kuchoma utosi limekwenda zake na asubuhi tunajifunika shuka. Lakini hilo neno "mzima" limenitia mtihanini mwezi huu, na mtihani wenyewe haukuwa ule uliokuwa ukiniombea. Nitakuhadithia yote. Mambo ya siasa ya huko kwetu siyaulizi, na wewe usiniandikie.

Kwanza nikutoe katika kosa moja. Yule jamaa ameniambia kuwa umewatangazia watu wa mtaa kwamba nasomea udaktari. Mama, si udaktari. Nilikuandikia kuwa nasomea mtihani wa leseni ya bima ya matibabu, wewe ukashika hilo la matibabu ukaliacha la bima. Bima ni hivi: mtu anatoa kidogo kila mwezi angali na nguvu zake, ili siku akiugua alipiwe hospitali. Ni kama ule mchango wetu wa mtaani, isipokuwa sisi tunachanga mtu akishaanguka, na hawa wanataka uchange ukiwa bado umesimama. Anayezunguka majumbani kuwaandikisha watu anaitwa wakala. Huyo ndiye mimi niliyetaka kuwa. Tafadhali waambie majirani mapema, asije mtu akasafiri kuniletea ngiri yake nimpasue.

Huku mambo yamegeuka tangu kiangazi. Lango la mji halifungwi tena usiku, wala hutakiwi kutembea umeshika taa mkononi kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Kazi zinafunguliwa, na kila siku anashuka Mzanzibari mpya anayeuliza kwanza wapi pana kazi, pili wapi panauzwa muhogo. Serikali nayo imetoa amri kwamba hakuna atakayeuza bima ya matibabu bila leseni, na leseni haipatikani bila mtihani. Unaandika kwanza, halafu unakalishwa mbele ya mtahini na mtu wa kumhoji kama mteja, mtahini anasikiliza unavyouliza. Na kabla ya yote hayo, kila mwanafunzi awe ameshaandikisha wateja wa kweli chini ya mwalimu wake.

Mwalimu wetu ni Bwana Desai, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, anayetufundisha katika chumba kilicho juu ya duka lake la majora ya nguo. Kitabu ni cha Kiingereza, sheria juu ya sheria, na Kiingereza changu unakijua, kinatembea kwa mkongojo. Kwa hivyo kila sheria nilikuwa naitia katika Kiswahili, kisha naisoma kwa sauti huku natembea uani, kama tulivyokuwa tukihifadhi chuoni kwa marehemu Baba.

Uani ni kwa Bi Rehema. Huyu unamjua kwa sifa tu: mjane wa Malindi ya Unguja aliyenipokea nilipofika huku sina hata mkeka, na tangu siku hiyo mimi ni mtoto wa nyumba. Mwanawe wa kumzaa, Nassor, anafanya kazi jangwani kwenye mafuta, anaonekana nyumbani mara chache. Basi nikisoma, Bi Rehema hukaa kizingitini akamenya vitunguu thomu, na nikikosea hunyanyua kisu.

"Rudia. Hapo umeruka."

"Umejuaje, Bi Rehema, na wewe hukukisoma kitabu?"

"Jana ulisema maneno mengi zaidi."

Akazihifadhi sheria za bima kabla yangu. Moja ilimpendeza khasa, ile isemayo: anachokijua wakala, kampuni nayo inahesabiwa inakijua. Akacheka, akasema, "Hii ndiyo yenye akili. Kama mtu na mkewe. Ukimwambia mmoja, umewaambia wote wawili." Tangu hapo ikawa ndiyo sheria yake, ananitupia hata nikiwa naoga. "Anachokijua wakala?" Nami namjibu ndani ya povu la sabuni.

Mwanzo wa Ramadhani nikamwandikisha yeye mwenyewe. Nassor alishakubali kukatwa mshahara kwa ajili ya mama yake, kilichobaki ni mimi kuuliza masuala na yeye kutia sahihi. Nikakaa naye mkekani, nikavaa na sauti ya ofisini.

"Bi Rehema, hali ya afya yako?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Mzima."

"Huna maradhi yoyote yanayokusumbua?"

"Maradhi ya nini tena? Mzima kama chuma. Mungu ashukuriwe."

Nikaandika: mzima. Akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, nzuri, akainuka kwenda kutazama chungu cha uji.

Mama, mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia uwatu kila Alkhamisi. Anauroweka, anakunywa yale maji machungu asubuhi kwa ajili ya sukari, na akishakunywa anakunja uso kama mtoto. Ni mimi niliyekuwa nikijaza mtungi wake, na mtungi huo ulikuwa ukiisha upesi kuliko wa nyumba yenye watu kumi. Na sisimizi walikuwa wakijipanga chooni kila akitoka, mwenyewe akifanya mzaha, "Sisimizi wa nyumba hii wananipenda kuliko Nassor." Nilijua, tena nilijua vizuri. Lakini ningeandika kuwa ana sukari, ofisi ya bima ingemtaka aende kwanza kupimwa, na pengine ingemkataa, na mimi nilitaka wateja wangu watimie nisije nikazuiwa kuingia mtihanini. Yeye akasema mzima. Nikalidaka neno lake kama mtu aliyerushiwa tende.

Na wewe unajua kwa nini alisema vile. Nani kwetu akiulizwa hali atataja maradhi? Bibi siku anakata roho, jirani alimuuliza hali akajibu "si haba". Tumelelewa hivyo, kwamba kulalamika ni kumshitaki Mungu kwa watu. Bi Rehema hakusema uongo hata kidogo. Alimshukuru Mola wake, na mimi nikaichukua shukurani yake nikaitia katika karatasi za bima kama kwamba daktari ndiye aliyesema.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani alikwenda Hail kufutari kwa wakwe wa Nassor, kwenye mashamba ya mitende karibu na pwani. Alipovua viatu atawadhe, akakanyaga mwiba wa mtende. Alipochomoa alisema si kitu. Akarudi Matrah, akaendelea kufunga, na mguu akaufunika kwa kanga. Siku ya Idi alitukaribisha halua na kahawa bila kusimama, na udi ulifuka nyumba nzima tangu alfajiri. Mimi nilidhani ni udi wa Idi. Kumbe alikuwa anaficha harufu.

Harufu ilipoushinda udi, mimi na majirani tukampeleka hospitali. Daktari alitazama mguu halafu akatutazama sisi. Akasema alazwe, atibiwe muda mrefu, na asicheleweshwe. Nikakimbilia kwa Bwana Desai kutoa habari, kwani hiyo ndiyo siku ambayo bima iliwekwa kwa ajili yake. Baada ya siku chache akaja karani wa ofisi pamoja na Bwana Desai, wakakaa sebuleni kwetu, wakanywa kahawa yetu. Karani akasema kwa Kiarabu, tena kwa adabu, kwamba sukari ile ni ya miaka, na mama huyu aliulizwa akaficha. Ofisi hailipi.

Bi Rehema Kiarabu anakijua. Aligeuka kwangu.

"Mbarouk, nilikwambiaje siku ile?"

"Ulisema mzima, Bi Rehema."

"Basi nimesema," akajibu, akajivutia ushungi usoni.

Nilichokisema kilikuwa kweli tupu, Mama, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko huo. Alikuwa ananitazama akitaka nimsaidie kukumbuka, labda kuna neno alilisema likasahauliwa. Nami nilitazama vikombe.

Wageni walipoondoka nikamfuata Bwana Desai mpaka dukani kwake. Nikamwambia, "Yule mama, mimi nilijua kuwa ana sukari." Akafunga mlango.

"Neno hilo hukuniambia, nami sikulisikia," akasema. "Ukilitoa mbele ya watu, leseni huipati, na mimi niliyekutilia sahihi nitakuwa kichekesho cha soko zima. Nyinyi watu wa Unguja mna taabu moja. Mwaamkuana, hamuulizani. Mtu akikwambia hajambo, wafurahi, waandika. Sasa nyamaza. Fanya mtihani wako, uwe mtu."

Si mtu mbaya. Ana binti anayemsomesha, na jina lake ndilo duka lake. Nikanyamaza, tena nilijitengenezea sababu tamu ya kunyamaza: nipate leseni kwanza, nishike kazi, halafu Bi Rehema nitamtibu mimi mwenyewe kwa mshahara wangu. Nilijiambia hivyo kila asubuhi. Na kila asubuhi yeye alikuwa nyumbani, kwa sababu alikataa katakata kulazwa kwa gharama ya kumwingiza Nassor katika madeni, akasema atasubiri mwanawe arudi kutoka jangwani ndipo waamue. Akawa anauosha mguu kwa maji ya chumvi, anapaka asali.

Na mimi nikawa nasoma. Hilo ndilo linalonikaba nikilifikiri. Majirani wakija kumtazama, kanga zao zimefungwa ncha kwa kitu kidogo cha kumpa mgonjwa, yeye anawaambia waseme polepole. "Mwanangu anasoma. Mtihani umekaribia." Akawafukuza watoto wa jirani uani wasinipigie kelele. Na aliwaambia wageni kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyejibu ovyo akawaharibia watoto mambo. Siku moja sikusoma kwa sauti, nilikaa tu na kitabu magotini, naye kutoka kitandani akaita, "Mbona kimya? Anachokijua wakala?" Sikumjibu, Mama. Nilijifanya sikusikia. Akadhani nimesahau, akanimalizia mwenyewe sheria yote, neno kwa neno.

Hebu sikiliza vizuri sheria hiyo, maana pale ndipo kilipo kisu. Kama mimi nilijua, basi ofisi inahesabiwa ilijua. Na kama ofisi ilijua, haiwezi kusema imefichwa, lazima ilipe. Neno langu moja lingemlaza Bi Rehema hospitali siku ile ile. Neno hilo hilo lingeninyang'anya leseni. Na mwenye kuishika sheria hiyo kwa ghaibu, mwenye kunihimiza niishike, alikuwa yeye, ila yeye hakujua kuwa inamhusu.

Siku ya mtihani alinitilia udi katika kanzu na kunisomea dua akiwa amekaa, mguu juu ya mto. Nilivaa kofia yako mpya. Nitarudi kwenye kofia.

Mtihani wa kuandika haukunishinda. Suala mojawapo lilikuwa lile lile la wakala na anachokijua. Nililijibu kwa ukamilifu. Baada ya adhuhuri tukaitwa mmoja mmoja kwa mtahini, Msudani mpole mwenye miwani mizito. Bwana Desai aliketi nyuma pamoja na walimu wengine. Kitini aliwekwa mzee mmoja muuza kahawa, ameazimwa sokoni awe mteja wa wote, na nadhani alikuwa ameshachoka nasi.

Nikamuuliza hali ya afya yake. Akajibu kama walivyojibu wazee wote tangu dunia iumbwe: "Bi kheri, walhamdulillahi."

Waliotangulia waliandika wakapita. Mimi kalamu haikushuka. Nikaiweka mezani. Nikamuuliza maji anakunywa vipi, usiku anaamka mara ngapi kwenda haja, kidonda kikimpata kinapona au kinakaa, akipanda ngazi kifua kinasemaje. Akaniangalia, akacheka, akasema hakuna aliyemuuliza mambo hayo tangu mkewe afe. Halafu akafunguka. Magoti, kifua, na damu kidogo katika kikohozi wakati wa baridi. Yote hayo yalikuwamo ndani ya ile alhamdulillahi yake, na watu wamekuwa wakinunua kahawa kwake miaka na miaka.

Mtahini alifurahi mpaka akavua miwani. "Huyu ndiye aliyeuliza," akasema. "Mwanangu, nani kakufundisha kuuliza hivi?"

Hapo, Mama, ningeweza kutaja jina la Bwana Desai, na ingekuwa furaha kwa kila mtu. Nilimwona nyuma anatabasamu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilisikia ile sauti ya kutoka kitandani inaniuliza mbona kimya, na nikajikuta nasema, "Nimefundishwa na mguu wa mama mmoja niliyemwandika mzima, na nilijua kuwa ni mgonjwa."

Mtahini akanitaka nieleze. Nikaeleza yote, uwatu na sisimizi na mtungi, na karani aliyekunywa kahawa yetu. Bwana Desai nilimsafisha, nikasema nilimficha na yeye siku ya kuandikisha, na hilo ni kweli. Mtahini akaniuliza kama naijua sheria. Nikaisoma kwa ghaibu.

"Basi ofisi italipa," akasema. "Na wewe?"

"Mimi siwi wakala," nikasema.

Aliandika kwa muda mrefu. Nilipotoka, Bwana Desai alikuwa amesimama ngazini, mkono kichwani. "Umenimaliza, Mbarouk," akasema, na nilipotaka kumwomba radhi akageuka akaenda zake. Bado hatuongei. Mzee wa kahawa ndiye aliyenifuata nje akanimiminia kikombe, akakataa kulipwa.

Ofisi ililipa, Mama. Bi Rehema alilazwa, na sindano zikafanya kazi yake, lakini kidole gumba na jirani yake havikuokoka. Daktari alisema tungemleta mwanzo, labda. Hakulimaliza neno, na mimi nalimaliza kila siku kwa niaba yake. Siku zile nilizokaa uani na kitabu, vidole vile vilikuwa bado vyake. Watu huku wananisifu kwamba nimefanya la kiume, nimesema kweli na kupoteza kazi. Wakinisifu natamani ardhi ipasuke. Nilisema kweli, ndiyo, ila niliisema imechelewa, na aliyelipa ucheleweshaji si mimi.

Bi Rehema nilimwambia mwenyewe, pale pale kitandani hospitali, asije akaambiwa na watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipigia kelele, wala hakulia. Alisema, "Ulijua, na ukaniacha nijione muongo mbele ya mgeni." Kisha akageukia ukutani. Alikaa na mimi bila maneno siku kadhaa, chakula nikimpelekea anakula, shukurani haitoki. Nikasema moyoni, nyumba ya pili imenifungia mlango.

Halafu juzi, nimemrudisha nyumbani, nimemweka kwenye mto wake, akaniita.

"Njoo ukae. Na mama yako Unguja, hajambo?"

"Hajambo, mzima, alhamdulillahi," nikasema. Lilitoka lenyewe, Mama, kama pumzi.

Akanyoosha mkono, akanivua kofia kichwani. Bi Rehema naye ameshona kofia ujana wake wote, kama wewe. Akaipitisha vidoleni, tundu kwa tundu, viua vyote vya mzunguko, mpaka akarudi alipoanzia.

"Hii kashona nani?"

"Mama."

"Zile zake nilizoziona kwako zamani zilikuwa na mstari ungedhani umepigwa kwa rula. Hii, huku upande viua vimepanda, huku vimeshuka. Hapa uzi umepita nje ya tundu. Hapa katoboa mara mbili pamoja. Mama yako haoni, Mbarouk."

Na hili nalo, Mama, nilikuwa najua.

Niliiona siku ile ile kofia ilipofika. Niliiweka juani nikaigeuza, nikaona viua vinavyopanda na kushuka, na ni mkono ule ule ambao Baba alikuwa akijivunia msikitini. Nikajiambia ni haraka ya Idi. Mtu mmoja hapa aliponiuliza mbona imekaa upande, nilimwambia ndiyo mtindo mpya wa Unguja, na kuna mjinga mmoja ameshaagiza ya kwake. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungejibu, na ungenijibu ningelazimika kufanya kitu, na mimi nilikuwa na mtihani. Kila barua yako inasema mama yako mzima, alhamdulillahi. Nikalidaka neno lako kama nilivyolidaka la Bi Rehema.

Moza, dada yangu, najua ni wewe unayeisoma barua hii kwa sauti. Najua pia kuwa umefika hapa umesita, unamtazama Mama kama uendelee au uruke. Usiruke. Na akikwambia andika kuwa yeye mzima, usiandike. Ninakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya.

Mama, katika kitabu cha Bwana Desai imeandikwa kwamba ugonjwa uliotangulia haulipiwi. Macho yako hakuna bima itakayoyalipia. Lakini mwana si bima, hachagui maradhi ya kabla na ya baada. Nimepata kazi kwa mjenzi mmoja hapa Matrah, kuhesabu mifuko ya saruji, kazi isiyotaka leseni wala maneno mazuri. Bi Rehema amesema chumba cha uani ni chako, na ametia sharti kwamba ukija uje na ulimi wako, maana yeye amechoka kusemeshwa na mimi. Daktari wa macho yupo hapa wakati huu wa baridi, nimekwenda kumuuliza mwenyewe. Ameniambia mengine hayarudi na mengine yanarudi, inategemea yamefika wapi, na akaniuliza masuala juu yako nisiyoweza kujibu hata moja. Nimetoka pale nimeona haya. Miaka yote hii nakuandikia, na sijui mama yangu anaona nini.

Nisalimie Ami Abdalla, ndugu wa Baba, umwambie aniombee na asinikasirikie kuhusu leseni. Nisalimie shangazi Zainabu, na mwambie habari ya udaktari aifute mwenyewe, kwani najua ndiye aliyeieneza mpaka Darajani. Nisalimie na mama yangu wa kunilea, Bi Mwana, na wanawe wote wakubwa kwa wadogo. Bi Rehema anakusalimu sana, na anasema mguu wake unamuuma, khasa asubuhi. Alitaka niandike hivyo hivyo.

Kofia naivaa, Mama. Ninayo kichwani sasa hivi.

Basi nijibu, lakini usinisalimie. Nimeshajifunza kuuliza, na nakuuliza wewe. Ukikaa mlangoni asubuhi, mtu akipita unamjua kwa sura au kwa sauti? Taa ikiwashwa unaiona moja? Na kofia hii ulipokuwa ukiishona, uzi ulikuwa ukiutia tunduni mwa sindano mwenyewe, au ulikuwa ukimwita Moza?

Mwanao,
Mbarouk